Dawa ya Deni na Kipimo Chake: Mapumziko ya Gharama Nafuu kwa Mtu Anayelipa Mkopo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, Dar es Salaam)



Barua yenu iliniomba nizungumzie namna ya kulipa madeni. Kwa ridhaa ya Mwenyekiti, nitazungumzia kipande kimoja tu cha somo hilo, ambacho katika vijitabu vya elimu kwa mlaji aghalabu hupewa mistari miwili na kuachwa: mtu anayelipa deni aitumie vipi Jumamosi yake?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya riba, dhamana na makato ya mshahara. Hata hivyo, mtu hupanga marejesho yake akiwa ametulia, kalamu mkononi, na mpango huo hukutana na majaribu siku asiyo na kazi, akiwa amechoka na ana simu mfukoni. Nalijua hilo kwa kuwa lilinipata.

Wiki saba za kujinyima

Miaka minne iliyopita, nikiwa mwajiriwa mpya, nilikuwa na madeni mawili. La kwanza lilikuwa mkopo wa elimu ya juu, ambao wengi wenu mnaujua: asilimia 15 ya mshahara huondoka kabla mshahara wenyewe haujanifikia. La pili lilikuwa shilingi 600,000 nilizokopa ili nilipe kodi ya chumba ya miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wa jiji hili wapendavyo, na kununua godoro.

Nikaapa kulimaliza deni hilo la pili kwa nguvu zote. Nilikata kila kilichoitwa starehe. Sikumtembelea mtu, sikununua gazeti, sikukaa kibarazani na jirani kwa kuogopa kuagizwa soda. Jumamosi nilijifungia chumbani, nikitazama picha za wenzangu kwenye simu. Nilidumu hivyo wiki saba na nikajiona shujaa.

Wiki ya nane rafiki wa chuo alinipigia: wanakutana, nyama iko motoni. Nilikwenda kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Niliporudi kwa bajaji usiku wa manane nilikuwa nimetumia shilingi 85,000. Katika hizo, 50,000 nilizikopa kwa simu palepale mezani, kwa dakika mbili, bila kumtazama mtu usoni. Mwezi ule rejesho langu halikutimia. Mama alipopiga kuuliza juu ya fedha za matumizi nilizozoea kumtumia, nilimwambia kwamba mshahara umechelewa. Haukuwa umechelewa.

Kwa muda mrefu nilidhani tatizo lilikuwa udhaifu wa moyo wangu. Leo naona kwamba mpango wenyewe ulikuwa na kasoro. Wahenga wametuachia usemi kwamba dawa ya deni ni kulipa, na usemi huo ni wa kweli. Lakini dawa hunywewa kwa dozi. Anayemeza vidonge vyote usiku mmoja ili apone haraka hujiongezea ugonjwa. Mwili hudai mapumziko yake, na usipopewa kwa mpango utajichukulia wenyewe kwa gharama kubwa zaidi.

Mapumziko yaandikwe kwenye bajeti

Jambo la kwanza, basi, ni kuyapa mapumziko mstari wake katika bajeti, kama vile nauli na unga. Kiasi kiwe kidogo, kijulikane mapema, na kitengwe siku mshahara unapoingia. Wengine hukiweka kwenye bahasha. Bahasha ikiisha, burudani ya mwezi ule iliyohitaji fedha imeisha, na hubaki ile isiyohitaji fedha.

Tuchukue mfano. Mtu anadaiwa 600,000 na hulipa 100,000 kila mwezi. Kwa sasa tuiweke riba kando ili hesabu iwe nyepesi. Deni litakwisha kwa miezi 6. Mtu huyo pia hutumia 15,000 kila Jumamosi bila kupanga, yaani 60,000 kwa wiki nne. Akijitengea 12,000 kwa mwezi mzima kwa ajili ya mapumziko, zitabaki 48,000. Akiziongeza kwenye rejesho, atakuwa akilipa 148,000, na baada ya miezi 4 atakuwa amebakiza 8,000 tu. Amejipunguzia takribani miezi miwili ya deni, na hakuna Jumamosi aliyokaa gizani.

Kabla ya kuongeza rejesho, hata hivyo, muulizeni mkopeshaji jinsi anavyokokotoa riba. Mkopo wa 600,000 kwa miezi 6, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, waweza kuwa mikopo miwili tofauti. Mkopeshaji anayetoza juu ya mkopo wote hadi mwisho atachukua 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Anayetoza juu ya deni lililobaki ataanza na 18,000, kisha 15,000, kisha 12,000, na kuendelea kushuka, jumla 63,000. Kwa huyu wa pili, kila shilingi mnayoiwahisha inawapunguzia riba. Kwa yule wa kwanza, yawezekana kuwahisha hakupunguzi kitu, au mkataba una tozo ya kumaliza mapema. Ulizeni, na jibu lipatikane kwa maandishi.

Starehe zinazojifanya rahisi

Kuna burudani ambazo kwa sura ni za bei ndogo, na kwa hesabu ya mwezi ni ghali kupita nyama choma.

Ya kwanza ni kubeti. Mkeka wa shilingi 500 haumtishi mtu. Lakini mikeka mitatu kwa siku ni 1,500, na kwa siku 30 ni 45,000. Mwenye deni yumo hatarini kuliko wengine, kwa sababu yeye haoni mchezo bali njia ya kutokea. Anaanza kusema, “nikipata, nitalipa lote.” Mchezo wa kubahatisha umepangwa ili anayeuendesha apate faida, na faida hiyo hutoka mifukoni mwa wachezaji. Msiuweke katika hesabu ya kulipa deni hata siku moja.

Ya pili ni bando la intaneti linalonunuliwa kidogo kidogo. Mtu aliyebaki nyumbani ili asitumie fedha aweza kununua vifurushi vitatu kwa siku moja vya kutazama video. Andikeni kila kifurushi kwa mwezi mmoja, mtajionea jumla yake.

Ya tatu ndiyo iliyoniangusha mimi: mkopo wa simu unaochukuliwa wakati wa starehe. Ukitoka kwenda kwenye mkusanyiko, beba fedha taslimu ulizopanga kutumia na umwombe mtu unayemwamini akukumbushe ahadi yako. Mwenye haraka ya kukopa usiku asubiri asubuhi. Mikopo mingi ya aina hiyo haiuoni mchana.

Jiji lina vya kutosha

Sasa tuje kwenye furaha yenyewe, maana sikuja hapa kuwanyima.

Shukeni Feri. Kwa miaka mingi nauli ya mtembea kwa miguu katika vivuko vya serikali kwenda Kigamboni imekuwa shilingi 200. Kwa fedha hiyo mtu anavuka mlango wa bandari, anapigwa na upepo wa bahari, anatazama meli zinavyoingia, na watoto wanajifunza zaidi ya wanavyojifunza mbele ya runinga. Coco Beach haina kiingilio, na sahani ya muhogo wa kukaanga wenye pilipili hula watu wawili bila kuumiza mfuko. Nendeni jioni, chukueni maji ya kunywa kutoka nyumbani.

Ipo Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Wengi tunaipita ndani ya daladala miaka nenda miaka rudi. Mle mtu anakaa kwa utulivu saa tatu nzima na riwaya. Kipo Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya nchi yetu. Mzazi aliyekulia kijijini ana mengi ya kumsimulia mwanawe mbele ya nyumba ile inayofanana na ya bibi yake.

Mpenda mpira hana sababu ya kulia. Mechi za ndondo huchezwa jioni katika viwanja vya mitaa yetu, na ufundi unaoonekana pale mara nyingine huwashinda wanaolipwa. Mechi kubwa ikiwapo, redio bado inatangaza, na kibanda umiza hutoza kiingilio kidogo. Alfajiri ya Jumapili vikundi vya jogging hupita vikiimba, hasa Temeke na vitongoji vyake, na miguu yako ndiyo ada kubwa inayohitajika. Bao na drafti huchezwa chini ya kila mwembe wenye wazee wawili. Mimi nilifundishwa bao na mzee wa jirani katika mwezi ule nilipoanza upya. Alinifunga kila siku kwa miezi mitatu, na sikumbuki burudani niliyoifaidi zaidi.

Wala si lazima kila kitu kiwe cha bure. Furaha kubwa inayosubiriwa huutia moyo nguvu. Safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Mtu anayeweka pembeni 5,000 kila mwezi kutoka katika mstari wake wa mapumziko anapata zaidi ya nauli ya kwenda na kurudi ndani ya miezi sita. Akiipanga safari hiyo iwe siku ya kusherehekea kumaliza deni, kila rejesho linamsogeza kituo kimoja.

Michango na aibu

Nimeacha jambo zito mwishoni. Kwetu sisi, gharama ya muda wa mapumziko mara nyingi huja kwa njia ya kadi: mchango wa harusi, wa kumuaga binti, wa kipaimara, wa maulidi. Kadi ina kiwango chake, ina simu za kukumbushia, na ina kundi ambamo majina ya waliotoa huorodheshwa. Wapo wanaokopa ili jina lao lisikosekane katika orodha hiyo.

Siwezi kuwaambia mwache kuchangia. Leo ni harusi ya mwenzako, kesho ni msiba wako. Nawaomba jambo moja: semeni ukweli mapema. “Ndugu yangu, mwezi huu nina elfu kumi. Na siku yenyewe nitakuja alfajiri, nitasaidia kupika na kupanga viti.” Maneno hayo ni mazito kuyatoa mara ya kwanza. Mara ya pili huwa mepesi, na mwenye sherehe mwenye busara hupokea mikono kwa shukrani kama anavyopokea fedha.

Semeni ukweli nyumbani pia. Mwenzi asiyejua deni huona ubahili pale penye mpango. Watoto nao, hata wadogo, huelewa sentensi moja: “Tunalipa mkopo hadi mwezi wa sita, kwa hiyo Jumapili hii tunakwenda kupanda kivuko.” Mtoto hataona umaskini katika kivuko isipokuwa aoneshwe na uso wa mzazi.

Mlipaji ana haki zake

Hatimaye, kumbukeni kwamba anayedaiwa hajapoteza haki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mna haki ya kuomba nakala ya mkataba, kujua jumla mtakayolipa, na kupewa risiti ya kila rejesho. Mkopeshaji anayewatumia ndugu na wakubwa wenu wa kazi ujumbe wa kuwaaibisha msimvumilie kimya: hifadhini ujumbe huo, mlalamikieni kwanza yeye mwenyewe kwa maandishi, na msiporidhika na majibu mfikishe malalamiko kwa msimamizi wa sekta. Mkiona rejesho halitatimia, mwendeeni mkopeshaji kabla ya tarehe kupita.

Kuhusu deni langu la shilingi 600,000, lilikwisha, miezi mitatu baada ya tarehe niliyokuwa nimejiwekea. Siku ile nilimpigia mama nikamweleza habari ya mshahara ambao haukuchelewa. Alicheka, kisha akasema alijua siku ileile. Jumamosi iliyofuata nilicheza bao.

Nawatakia marejesho mema na Jumamosi njema.