Wenyeji na Wageni wa Dadaab



Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wengi walivuka mpaka wakaingia Garissa. Karibu na Dadaab walijengewa kambi tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizokusudiwa watu 90,000. Mwaka 2011, kwa sababu ya ukame na njaa, waliokuwamo walizidi 400,000.

Wengi wa wageni hao na wenyeji wao lugha ni moja na dini ni moja. Ugomvi haukutoka huko; ulitoka katika kuni. Miti ya karibu ilikwisha, mwanamke wa kambini akalazimika kwenda mbali kwa ajili ya mzigo mmoja, na huko porini akamkuta mwenyeji akiilinda miti ambayo ni chakula cha ngamia na mbuzi wake. Mwenyeji naye alikuwa na neno lake: mgeni hupimiwa unga, na mimi niliyefiwa na mifugo, nani atanipimia?

Basi wazazi wengine, raia halisi wa Kenya, wakawaandikisha watoto wao kuwa wakimbizi ili wapate posho. Ni mzazi gani mwenye njaa angekataa? Lakini alama za vidole hazisahau. Watoto walipokua na kuomba kitambulisho, waliambiwa majina yao yamo katika daftari la wakimbizi. Maelfu walikaa miaka mingi bila kitambulisho, hawaajiriwi, hawapigi kura, na hata kulivuka daraja la Tana pale Garissa kwao ni hofu, maana askari huuliza karatasi.