TIBA YA KICHINA: IELEWE KABLA YA KUITUMIA

Mara nyingi tukiwatembelea wagonjwa nyumbani, sisi wauguzi huonyeshwa pakiti yenye maandishi ya Kichina na kuulizwa: "Sista, hii yafaa? Naweza kuacha zile za hospitali?" Leo tulijibu swali hilo.

Kwanza, tiba ya jadi ya Kichina inauelewaje ugonjwa? Inasema mwili una nguvu ya uhai iitwayo qi, hutamkwa "chi". Nguvu hii hupita mwilini kwa njia zake, kama maji kwenye mfereji. Tena kuna pande mbili zinazopaswa kulingana: yin, wa ubaridi na utulivu, na yang, wa joto na mwendo. Njia ikiziba, au upande mmoja ukizidi, mtu huugua.

Kwa hivyo tabibu wa Kichina hutazama ulimi wako, rangi yake na utando wake. Hushika mikono yote miwili na kusikiliza mpigo wa mshipa kwa vidole vitatu. Hukuuliza kuhusu usingizi, kiu, jasho na choo. Watu wawili wanaoumwa na kichwa wanaweza kupewa dawa tofauti, kwa kuwa mmoja ameonekana ana joto na mwingine baridi.

Matibabu yenyewe ni mitishamba ya kuchemshwa, sindano nyembamba zisizo na dawa ndani, majani makavu ya jamii ya pakanga yanayochomwa karibu na ngozi, na kuumika, jambo ambalo ndugu zetu wa Pwani wanalijua.

Je, inasaidia? Hakuna kipimo cha maabara kilichowahi kuonyesha qi. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kwamba sindano hizo zaweza kuwapunguzia baadhi ya watu maumivu ya muda mrefu ya mgongo na goti.

Na dawa ya malaria tunayoiita AL ina asili huko. Mwanasayansi wa Kichina, Tu Youyou, alisoma kitabu cha tabibu Ge Hong, cha zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, kilichotaja mmea mmoja wa jamii ya pakanga kwa ajili ya homa. Katika miaka ya 1970, yeye na wenzake walipata ndani yake dawa ya artemisinini. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalia, msikilizaji: dawa hiyo ilisafishwa, ikapimwa na kuwekewa kiwango. Chai ya majani hayo haina kiwango cha kuaminika, na Shirika la Afya Duniani haliikubali kwa malaria.

Usidhani kwamba kila cha shambani hakidhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchini Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya mitishamba ya Kichina ili wapungue uzito waliharibika figo, kwa sababu mmea wenye sumu ulikuwa umechanganywa humo. Mmea mwingine, ma huang, hupandisha presha.

Basi ufanye nini?

Kwanza, usiache dawa za presha, kisukari, kifua kikuu wala ARV kwa sababu umeanza mitishamba. Ukiziacha, ugonjwa hurudi kimyakimya, na dawa zingine huenda zisikufae tena.

Pili, mweleze muuguzi au daktari kila unachomeza. Njoo na pakiti yenyewe. Hatutakugombeza.

Tatu, uliza kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Isiyoandikwa yaliyomo kwa lugha unayoisoma, iache.

Nne, sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yako na itupwe baada ya kutumika. Sindano ya kushirikiana yaweza kuleta Ukimwi na homa ya ini.

Tano, mama mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto mdogo wasipewe mitishamba hii bila ushauri wa kituo cha afya. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Mpenzi msikilizaji, kutafuta nafuu si kosa. Lakini uliza kwanza, kisha umeze. Mpaka kipindi kijacho, nakutakia afya njema.