Mali Bila Daftari: Je, Umeme wa Taifa Uuzwe?



Mmenitaka niseme kama nishati ya taifa letu ikabidhiwe wafanyabiashara au ibaki mikononi mwa serikali. Naomba nianze kwa kulinyosha swali lenyewe, kwani swali lililopinda huzaa jibu lililopinda.

Tunazungumza kana kwamba umeme wetu ungali mali ya umma yote. Sivyo. Tangu katikati ya miaka ya tisini, wafadhili wakihimiza, makampuni ya kibinafsi yaliruhusiwa kuzalisha umeme na kuliuzia taifa. Sheria ya mwaka 1997 ikatenga uzalishaji na usambazaji. Mwaka 2006 serikali iliuza asilimia 30 ya hisa zake katika KenGen, na katika Kenya Power inashikilia asilimia 50.1 tu. Mlango tunaoulizana kama ufunguliwe ulikwisha kufunguliwa zamani. La kuuliza ni nani aliyeshika ufunguo, na kwa idhini ya nani.

Wanaotetea ubinafsishaji wana hoja, wala si haki kuwabeza. Wanasema kwamba shirika la serikali hugeuka ng'ombe wa kukamuliwa na wakubwa. Ni kweli. Bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya mwaka 1986 na 1991, lilitolewa kwa mkandarasi pasipo zabuni ya ushindani. Huo ulikuwa wakati wa chama kimoja, na aliyeuliza bei alijiuliza kwanza atalala wapi usiku huo. Tena wanatuelekeza Uganda, ambako kampuni ya Umeme ilipewa usambazaji kwa miaka 20 kuanzia 2005. Umeme uliokuwa ukipotea njiani ulipungua kutoka takriban asilimia 38 hadi chini ya asilimia 20, na wateja wakaongezeka mara nyingi.

Lakini tusikilize upande wa pili. Mkataba huo wa Uganda uliihakikishia kampuni faida ya asilimia 20 juu ya mtaji wake, nao wananchi wakalalamikia bei. Ulipokoma Machi 2025, shirika la serikali likachukua tena nyaya, na pande mbili zikabaki zikibishana kuhusu fidia. Hapa kwetu, mitambo ya upepo ya Turkana yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kuusafirisha umeme huo, ambayo ilikuwa wajibu wa serikali, haikukamilika hadi 2018. Upepo ulivuma, taa hazikuwaka, na mabilioni ya shilingi yakalipwa, kwa kuwa mkataba ulisema hivyo. Tanzania nako, mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond wa mwaka 2006 ulimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008.

Basi pimeni wenyewe. Turkwel ilikuwa ya serikali. Richmond ilikuwa ya kibinafsi. Mwenye mali alibadilika, lakini maradhi yalikuwa yale yale: wachache waliafikiana faraghani, na wengi wakaletewa hesabu ya kulipa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Msimamo wangu ni huu. Nyaya na vituo vya usambazaji visiuzwe. Mama anayenunua tokeni za shilingi hamsini hana waya wa pili wa kuchagua, na pasipo chaguo hakuna soko, bali kuna mateka. Uzalishaji waweza kushirikisha mtaji wa kibinafsi, mradi masharti matatu yatimizwe. La kwanza, kila mkataba uchapishwe mwananchi ausome. La pili, zabuni iwe wazi na ya ushindani. La tatu, hatari isiwe ya umma peke yake na faida ya mwenye mtambo peke yake.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010 inatupa haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35, na zabuni za haki katika Kifungu cha 227. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini Oktoba 2025 sheria nyingine ilitiwa sahihi. Ushindi wa mahakamani ni kama shamba lililopaliliwa: ukilala, magugu hurudi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msirudi nyumbani na makofi matupu. Kila parokia na kila kikundi kiandike barua kudai mikataba. Mamlaka ya nishati inapoitisha vikao vya umma kuhusu bei, jazeni viti, na mwende na risiti zenu za tokeni.

Nanyi msomao Injili mwajua kwamba neno "wakili" humo si mtu wa mahakamani kama mimi. Ni msimamizi wa mali isiyo yake, ambaye siku moja huitwa atoe hesabu. Serikali ni wakili wetu, na kampuni ni wakili wetu. Tuwaite, watoe hesabu.