Ngome za Vita Ziwe Mali ya Wananchi

Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa kata ya Lupepo, wilaya ya Rungwe



Kila jeshi linapohama huacha majengo. Huacha kambi, maghala ya silaha, karakana, na pengine viwanda vizima vya risasi. Majengo hayo yalijengwa kwa jasho la wananchi, na mara nyingi ni imara kuliko yote yaliyo jirani. Jeshi likishaondoka, yawe ya nani, na yafanye kazi gani?

Kwa wakazi wa Rungwe swali hili haliko mbali. Kando ya ziwa Masoko, kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu, lipo jengo la mawe la Wajerumani. Hapo ilikaa Kompania ya Tano ya jeshi lao la kikoloni, wakati Tukuyu ikiitwa Neu-Langenburg. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na kuuteka mji huo. Maelfu ya Waafrika wa pande zote mbili walibebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Baadaye ngome ya Masoko iligeuzwa mahakama. Mahali palipokuwa pa askari wa mkoloni pakawa mahali pa kusikilizia mashauri ya raia.

Husimuliwa mpaka leo kwamba Wajerumani, kabla ya kukimbia, walitupa silaha na fedha ndani ya ziwa hilo. Wako waliokodolea macho maji wakiitafuta hazina hiyo. Lakini hazina isiyo na shaka haimo majini. Ni jengo lenyewe lililosimama ukingoni, na yanayofanana nalo katika nchi nzima.

Hapa ndipo watumishi wanapopaswa kuwa macho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ngome za Wajerumani zote ni za baada ya hapo. Umri wake peke yake hauzikingi na nyundo. Hapana budi Waziri azitangaze kuwa kumbukumbu, naye hawezi kutangaza asichoarifiwa. Barua ya Afisa Utamaduni au muhtasari wa kikao cha kijiji vyaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya jengo linalotunzwa na jengo linalobomolewa ili mawe yake yajenge banda.

Hata hivyo, tangazo halitengenezi paa. Mifano ya nchi hii yaonyesha kwamba jengo la jeshi hudumu pale linapokabidhiwa kwa chombo chenye kazi ya kila siku na fungu la matunzo. Boma la Arusha, lililojengwa mwaka 1900 kwa ajili ya jeshi na utawala, lilifanywa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe mwaka 1987. Boma la Iringa, ambalo Wajerumani walilijenga liwe hospitali ya askari wao, lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Boma la Mikindani la mwaka 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na vijana wa hapo wakafundishwa kazi humo.

Mfano mkubwa zaidi ni Mazimbu, Morogoro. Haikuwa ngome, bali makao yaliyojengwa na wapigania uhuru wa ANC katika ardhi waliyopewa na Tanzania. Mwezi Julai 1992 walikabidhi kwa Serikali shule, nyumba na hospitali. Mali hiyo haikuachwa ikaota majani, kwa sababu ilipata mlezi. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Nchi za nje nazo zina mafunzo ya namna mbili. Pembeni mwa Paris, katika msitu wa Vincennes, kilikuwepo kiwanda cha risasi. Mwaka 1970 kikundi cha Théâtre du Soleil cha Ariane Mnouchkine kilihamia humo, na mpaka leo watu huenda kutazama michezo ya kuigiza. Huko Woolwich, London, kiwanda cha silaha cha Serikali kilifungwa mwaka 1967, na sehemu kubwa ya eneo lake imekuwa nyumba za kuuza na kupangisha. Kote kuwili baruti imeondoka. Lakini kumgawia mwananchi mlango wa kuingilia ni jambo moja, na kumuuzia ni jambo jingine.

Iko tahadhari isiyopuuzwa. Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi na kuua watu wasiopungua 20 kila mara. Baruti haijui kwamba vita vimekwisha. Kwa hiyo eneo lolote lililohifadhi zana lisafishwe kwanza na wataalamu wa jeshi, na cheti kitolewe kwa maandishi, kabla mtoto mmoja hajaingizwa darasani.

Kazi, basi, inajulikana. Mwalimu wa historia awapeleke wanafunzi Masoko, waandike wanayoyasimulia wazee wangali hai. Mtumishi wa ardhi aonyeshe kwa hati ni nani mwenye jengo, maana mali isiyo na mwenyewe huliwa na mwenye nguvu. Halmashauri itenge fungu la matunzo kila mwaka, hata likiwa dogo. Mkutano wa kijiji uamue matumizi, kwa kuwa wanaoishi jirani na jengo ndio watakaolilinda.

Mkoloni alijenga kuta hizo ili awatawale watu. Zikiporomoka kwa uzembe wa waliojitawala, hakutakuwa na mkoloni wa kulaumiwa.