NGUVU ZA MWILI NA KUJIAMINI KWA KIJANA WA KIISLAMU

(Mawaidha yaliyotolewa kwa vijana wa kike na wa kiume baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)

 

Mada niliyopewa leo ni kujiamini. Sasa, kijana asiyejiamini nyote mnamjua. Akiitwa kwenye usaili wa kazi, macho yako kwenye viatu. Akitaniwa maskani kwa wembamba au unene wake, anacheka pamoja na wenzake, lakini usiku halali. Huyu ndiye anayevutwa haraka na muguka na, Allah atuepushie, unga, maana pale anapata ushujaa wa saa mbili tatu bila kuutolea jasho. Kwa hivyo tusiseme mazoezi ni mambo ya watu wenye nafasi tu.

Dini yetu haikuudharau mwili. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Maulamaa wanafafanua kuwa nguvu hizo kwanza ni za imani na azma. Sawa, lakini mwili ndio unaosimama taraweh. Tena katika Suratul Qasas, Nabii Musa (a.s.) anapendekezwa kuajiriwa kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Tazameni, nguvu haikutajwa peke yake.

Je, kunyanyua vyuma na kujiamini vinahusiana vipi? Leo unapiga pushapu tano, ya sita unaanguka kifua chini. Unarudi keshokutwa, unarudi tena, na baada ya wiki kadhaa unafika kumi. Wataalamu wanaeleza kuwa mwanzoni misuli haijakua sana. Ni mfumo wa fahamu unaojifunza kuitumia vizuri zaidi. Ndiyo maana nguvu hutangulia, umbo likafuata. Hapo kijana ameshapata ushahidi: jambo lililomshinda mwezi jana leo analiweza, na hakuna aliyempendelea. Ushahidi huo anaingia nao kwenye usaili, na kwenye mtihani pia.

Dada zangu, hili ni lenu vilevile. Mwaka 2011 Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, aliomba anyanyue vyuma mashindanoni huku amejisitiri. Mwaka huohuo shirikisho la kimataifa la mchezo huo likabadilisha kanuni ya mavazi, naye akashiriki mashindano ya dunia mjini Paris. Hakuacha hijabu, wala hakuacha vyuma.

Tuanzie wapi? Huhitaji jimu ya kulipia. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni zaidi ya kilo 20. Anza na nusu. Uinue kwa mgongo ulionyooka, uchuchumae na kusimama, upige pushapu, hata za ukutani. Muongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima afanye mazoezi ya kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa haraka. Ongeza kidogo kidogo, na upumzike katikati.

Mwezi huu, fanya mepesi karibu na Maghrib, na mazito baada ya kufuturu. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku. Mwenye kisukari, presha au ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Saumu si kisingizio cha kulala mchana kutwa: Februari 1995, Hakeem Olajuwon wa Houston Rockets alicheza akiwa amefunga, na bado akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA.

Mwisho, tahadhari mbili. Msikubali sindano na vidonge vya kutunisha misuli. Vinadhuru moyo, ini na uzazi. Huko ni kununua umbo tu. Pili, Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu, bali ni yule anayejizuia anapokasirika. Kijana mwenye kifua kipana anayempiga mdogo wake nyumbani bado ni dhaifu. Nguvu zako zionekane unapombebea mama mtungi wa maji na unapomtetea anayeonewa.

Tuanze usiku wa leo baada ya taraweh, hata kama ni pushapu tatu. Ewe Mola wetu, zitie nguvu nyoyo zetu na miili yetu katika twaa yako, na uzitakabali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.