Mwamba wa Mathare na Mvua za Masika
Wengi wenu mnaofanya kazi katika soko hili la Gikomba mnalala Mathare, penye machimbo ya zamani ya mawe ya kujengea. Mawe yalichukuliwa, kuta za mwamba zikabaki, na watu wakajenga chini yake. Aprili 2012, baada ya mvua kubwa, mwamba uliporomokea nyumba za mabati usiku, watu wakafariki.

Maji huingia kwenye nyufa yakalegeza mawe. Ukiona ufa mpya, kokoto zikidondoka, au maji yakichuruzika palipokuwa pakavu, usingoje kesho. Toeni watoto na wazee kwanza, mwarifuni chifu, pigeni 999 au 112. Tena, tusichimbe chini ya mteremko kuongeza chumba. Chumba hujengwa kwingine.