Dunia Isiyokwisha na Hadithi Yenye Mwisho

(Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana baada ya darsa ya alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni zake Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, na wazee wetu mlioketi pale nyuma.

Najua wapo waliotabasamu waliposikia mada ya leo, na wapo walionuna. Mwezi mtukufu kama huu, mtu asimame mbele ya watu azungumze gemu? Basi kabla hatujafika mbali, niseme wazi kwamba suala la halali na haramu sikuja nalo. Masheikh wapo, waulizwe wao, mimi si mufti. Nimekuja na swali la vijana watatu wanne wanaosoma kompyuta, ambao wana nia ya kutengeneza mchezo wa video wa Fumo Liyongo. Wameshagawanyika. Kundi moja linataka pwani yote iwe wazi, Pate, Shaka, Ozi na Mto Tana, mchezaji aende atakako, avue samaki, apande jahazi, aingie msituni. Kundi la pili linasema la, tusimulie kisa cha Liyongo tangu mwanzo mpaka kisimani, basi. Wameniomba niamue.

Na mwezi huu swali lina uzito wake. Tunajuana. Kati ya alasiri na magharibi wengi wetu hutafuta kitu cha kuisukuma saumu, na kitu chenyewe siku hizi kina skrini. Kwa hivyo aina ya mchezo unaokushika si jambo dogo, manake upo mchezo unaokuachilia na upo usiojua kuachilia mtu.

Kwa wasioijua michezo hii, nieleze kidogo. Siizungumzii ile ya mpira inayokwisha kwa dakika kumi. Nazungumzia ile ya falme za kubuni, mapanga, majitu na uchawi, ambapo wewe unavaa joho la mhusika mmoja na kumkuza kidogo kidogo kwa saa hamsini, mia, au zaidi. Humo ndani mna njia mbili za kutengeneza. Ya kwanza hukupa dunia iliyo wazi na kukuambia, haya, tembea. Ya pili hukushika mkono ikakupeleka kwenye kisa hatua kwa hatua.

Tuchukue mfano wa dunia wazi. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa mchezo uitwao The Elder Scrolls IV: Oblivion. Wewe ni mfungwa. Mfalme anapita kwenye chumba chako cha gereza akiwakimbia wauaji, kwa sababu njia ya siri ya kutorokea iko humo humo. Wanamkuta, na kabla hajafa anakupa kidani cha ufalme akikuusia umfikishie mtu fulani, kwani bila hicho milango ya jahannamu yao itafunguka na dunia itaangamia. Kisha unatoka kwenye mtaro wa maji machafu, na mbele yako kuna ziwa, milima, na nchi nzima.

Sasa sikilizeni. Hiyo ni amana, si ndio? Mtu anayekata roho amekukabidhi. Lakini ukitaka unaweza kukitia mkobani ukaenda kuchuma maua, ukanunua nyumba, ukajiunga na chama cha wezi, ikapita miaka miwili kwa hesabu ya mchezo wenyewe, na hakuna atakayekuuliza. Uko mji mmoja unaitwa Kvatch ambao umevamiwa na unawaka moto. Ukifika siku ya pili utaukuta unawaka. Ukifika mwaka wa pili, wallahi, utaukuta unawaka vile vile, na watu wale wale wamejificha ndani ya hekalu wakikusubiri wewe. Kiama chenyewe kinakungoja umalize shughuli zako!

Kasoro ya michezo hii, kwa rai yangu, iko hapo. Watu husema ni mikubwa mno. Ukubwa haujawa tatizo hata siku moja. Tatizo ni kwamba kila mtu humo anakwambia "fanya haraka", na saa haitembei. Mtu aliyezoea hivyo saa nne kwa siku, kisha anaisikia adhana ya magharibi, adhana haimsubiri. Sisi ambao mwezi huu tunafunga na kufungua kwa dakika tunaijua tofauti hiyo mwilini.

Msinifahamu vibaya, dunia wazi nayo ina utamu wake, na utamu wenyewe ni wa kweli. Mchezo uliotangulia huo, Morrowind wa mwaka 2002, ulikuwa hauna mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Mtu anakueleza kwa maneno: fuata njia, vuka daraja, ukiona mwamba fulani pinda kushoto. Unaandikiwa kwenye daftari lako na unakwenda. Unapotea. Unauliza. Aliyewahi kutafuta nyumba ya mtu katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa au Lamu, anajua ninachosema. Unafika umechoka lakini mtaa umeshaujua. Oblivion ikaja na mshale juu ya dira, na uwezo wa kuruka papo hapo kutoka mji hadi mji, watu wakawa wanaufuata mshale bila kuitazama nchi. Kwa hivyo hata hiyo inayoitwa kutalii, mara nyingi ni kufuata mshale tu.

Na kutembea peke yake si hadithi. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wetu sisi, akakusudia Hijja. Akazunguka karibu miaka thelathini. Mwaka 1331 alipita hapa kwetu, akalala Mombasa usiku mmoja na kuendelea hadi Kilwa. Lakini safari ile isingetufikia lau sultani wa Morocco asingeamrisha iandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy asingeketi naye kuipanga. Palihitajika mtu wa kuchagua, hili litangulie, hili lifuate, hili liachwe.

Sasa twende upande wa pili, na hapa mtanivumilia nikikaa zaidi.

Mwaka 2001 Wajapani wa Square walitoa Final Fantasy X kwa PlayStation 2. Ukiutazama kama ramani, ni njia moja iliyonyooka. Kwa sehemu kubwa huna pa kwenda ila mbele. Msichana mmoja, Yuna, anafanya safari ya ibada kutoka hekalu hadi hekalu ili mwisho apate nguvu za kuliangamiza dude linaloua watu vijijini. Wewe unacheza kijana aitwaye Tidus, mgeni katika nchi hiyo, hajui mila wala desturi. Njiani anamchekesha Yuna, anamwambia watakapomaliza watakwenda mahali fulani, watafanya hivi na vile. Yuna anatabasamu. Wenzake wengine wananyamaza.

Saa nyingi baadaye ndipo Tidus anaambiwa, na wewe mchezaji unaambiwa naye: mwenye kufanya safari ile akishinda, hufa. Wote walijua. Yuna mwenyewe alijua tangu siku aliyoondoka kwao. Aliyekuwa hajui ni Tidus peke yake, na wewe. Papo hapo maneno yote ya mzaha uliyoyasikia saa zile zilizopita yanakurudia, na kila tabasamu la yule msichana unalisoma upya.

Hebu niambieni, jambo hili lingewezekana vipi katika dunia wazi? Mchezaji angeanza na hekalu la mwisho, akaijua siri siku ya kwanza, kisha akaja kumkuta Yuna akiwa amebeba mayai ya ndege kumi na mbili aliyotumwa na mzee wa kijiji. Siri ina wakati wake wa kutoka. Ikitoka mapema inakuwa habari tu.

Sifananishi, hasha, maneno ya Mola na mchezo wa Mjapani. Lakini sisi tuliosoma chuoni tumefundishwa kutazama mpangilio wa visa. Kisa cha Nabii Musa (A.S.) kimekuja katika sura nyingi, kila mahali sehemu inayohitajika. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kimekuja karibu chote katika sura moja, kuanzia ndoto ya utotoni hadi siku ndoto ile inapotimia. Mwalimu wetu alikuwa akitusimamisha pale ndugu zake wanapoingia Misri wasimtambue, naye anawatambua. Anayeijua hadithi kwa utaratibu wake hupata kitu hapo ambacho aliyedokoa huku na kule hakipati.

Jambo moja zaidi kuhusu mchezo huo, maana najua kuna mwenye kuuliza: mahekalu na masanamu je? Ni kweli, humo njia ni moja, kwa hivyo huwezi kuyakwepa. Katika Oblivion madhabahu unaweza kuyapita ukaenda zako. Lakini Final Fantasy X inakupeleka hekaluni ina neno la kusema, kwamba viongozi wa dini ile wanawaficha watu ukweli, na safari zile za kufa hazijawahi kuliondoa lile dude moja kwa moja. Linarudi kila mara. Ni kisa kinacholaumu kufuata bila kuuliza. Kila mmoja atapima mwenyewe, na aliye na shaka aache.

Njia iliyonyooka nayo inaweza kuwa jela. Wajapani hao hao walitoa Final Fantasy XIII mwaka 2009, na katika sura kumi za mwanzo kati ya kumi na tatu ni kama unatembea kwenye ujia mrefu, ukuta huku na ukuta huku. Wachezaji wakalalamika, na walikuwa na haki. Kufunga njia bila ya kuwa na siri ya kulinda ni kumchosha mtu bure.

Kati ya pande mbili hizi kuna mchezo mmoja ninaopenda kuutaja. Ni The Legend of Zelda: Majora's Mask, wa mwaka 2000, wa Nintendo 64. Mwezi unaanguka juu ya mji na utafika baada ya siku tatu. Mji uko wazi, nenda utakako, lakini saa inatembea kweli kweli. Kila mtu mjini ana ratiba yake. Mleta barua ana saa yake ya kupita, na msichana wa nyumba ya wageni anamngoja mchumba wake aliyepotea. Ukichelewa miadi, umekosa. Unaweza kupiga ala ukarudi siku ya kwanza, lakini ukirudi, wema wote uliowatendea watu umefutika nao hawakujui tena. Hapo uhuru una bei. Nimeona michezo mikubwa mara mia kuliko huo ambayo haina saa moja yenye uzito kama saa za mchezo ule.

The Witcher 3 ya Poland, 2015, nitaipitia haraka. Ina uchafu mwingi, na siyo ya kuwasha sebuleni mbele ya wadogo. Humo baba mlezi anamtafuta binti anayewindwa, na njiani anaketi kucheza karata na kila muuza duka! Ila watengenezaji walikuwa na busara moja. Ndani ya nchi ile kubwa walitia visa vidogo vilivyokamilika, kila kimoja na mwanzo na mwisho wake. Kisa cha yule mkuu wa ngome, mlevi aliyempiga mkewe hadi mimba ikatoka, sasa anaomba utafutiwe familia yake, kingetosha kuwa mchezo peke yake.

Basi turudi kwa Liyongo wetu, vijana wanangoja jibu.

Yako mambo ya Liyongo yanayokubali uwazi. Siku ya mikoma, kwa mfano, wenzake walipopanga kila mtu apande mti kwa zamu ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu, naye akazidungua koma kwa mishale yake akiwa chini. Hapo mwachieni mchezaji ahangaike, aigundue hila mwenyewe. Gerezani vile vile. Tupa imo ndani ya mkate wa makapi ulioletwa na Saada, nje ngoma inalia. Akate pingu wakati gani bila kusikika? Huo ni mchezo mzuri, na hauhitaji mshale wala dira.

Lakini mtoto wa Liyongo anapotumwa na maadui amuulize babake ni kitu gani kinachoweza kumuua, hapo sikubaliani na kundi la kwanza. Liyongo alijua mwanawe ametumwa, na akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mkimwacha mchezaji achague asiseme, au aende kuvua samaki Ozi mpaka mtoto achoke arudi, mtakuwa na pwani nzuri sana isiyokuwa na Liyongo. Mfanyeni mchezaji awe ndiye anayelitamka lile jibu, kwa kidole chake mwenyewe, na pasiwe na kitufe kingine.

Kisha kisimani. Amechomwa, ametoka, amepiga goti na upinde kaukaza, amekufa vile vile, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Kwa hapo rai yangu ni kwamba mchezaji asiwe Liyongo tena. Awe mtu wa mjini, ana ndoo tupu, ana kiu, na njia ya kisimani ni hiyo moja.

Nimeona muadhini anatazama saa yake. Maswali tutayachukua baada ya futari, inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.